Ukurasa wa Pini

Mama huyu, fundi cherehani wetu, mtaa mzima ulimwita Jicho Futi, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Mteja akivuka tu mlango wa kibanda, yeye alishajua kiuno chake ni inchi ngapi. Hata hivyo alimpima kwa utepe, maana mteja asiyepimwa hakosi la kulalamika, kisha akamwandika kwenye daftari lenye jalada jekundu, kila mtu na ukurasa wake. Mtu mmoja tu hakuwahi kupimwa wala kuandikwa humo: binti yake wa pekee, aliyemwita Pini kwa utani. Utepe wa nini kwa mtoto uliyemzaa mwenyewe? Jicho Futi alimtazama mara moja, akakata kitambaa, akashona, na nguo ikakaa. Miaka kumi na mitatu mambo yalikwenda hivyo, naye akijisifu kwa wateja kwamba mwanawe anamjua hadi inchi.

Basi siku moja Pini akaja na fomu ya shule ya bweni, akaiweka juu ya cherehani, akasema anataka kuhamia huko muhula ujao. Mama akauliza kwa nini. Nataka tu, akajibiwa. Jamani, hilo nataka tu! Tangu baba wa mtoto afariki walikuwa wawili tu kwenye chumba cha nyuma ya kibanda, wakila sahani moja, na sasa mmoja anataka tu. Jicho Futi aliisukuma fomu chini ya kopo la vifungo, akasema watazungumza, na hawakuzungumza.

Wiki hiyohiyo shule ikatangaza mafunzo kwa wazazi wa watoto wanaobalehe, Jumamosi sita asubuhi. Fomu za bweni nazo zilitakiwa zirudishwe Jumamosi ya sita. Jicho Futi alijiandikisha wa kwanza, na msidhani alifuata elimu. Alitaka afundishwe namna ya kumzuia mtoto asiondoke, basi.

Mafunzo yalifanyika katika darasa alilosomea yeye mwenyewe, la tatu kutoka bombani. Madawati yalikuwa yaleyale. Mwoka mikate mmoja mwenye kitambi alinasa kwenye dawati lake, ikabidi wazazi wawili wamvute, na darasa zima likacheka kitoto. Jicho Futi alicheka nao, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha ambako zamani alikuwa akificha vipande vya chaki, na moyo ukamjaa ghafla. Alimkumbuka mama yake.

Mama yake naye alikuwa mshonaji, ila utepe hakuwa nao. Alipima kwa shibiri. Kabla ya kila muhula alimsimamisha binti yake mlangoni, penye mwanga, akamgeuza, akatandaza kiganja mgongoni kuanzia shingoni: shibiri moja, ya pili, ya tatu na vidole viwili. Kiganja kilikuwa na joto na kilikwaruza kidogo kwa sugu za sindano. Wala hakuwa na haraka. Huku akipima alikuwa akiuliza habari za shule, na binti, kwa kuwa alimpa mama mgongo na hakuonana naye uso kwa uso, alisema yote: nani kamchokoza, hesabu gani zimemshinda, hata ile siku alipoanza kuota matiti akaona haya. Lo, alivyokuwa akizingoja siku zile za kupimwa! Alipokuja kuwa fundi mwenyewe na jicho lake likawa kali, aliona shibiri ni kupoteza muda.

Mwalimu wa ushauri, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, aliwapa kazi za nyumbani kama watoto. Kazi ya wiki ya pili ilikuwa kukaa na mtoto dakika kumi bila kumfundisha wala kumkosoa. Jicho Futi alijitahidi, msimcheke. Dakika nane walikaa kimya kama wageni kituoni. Ya tisa akashindwa, akamwambia Pini avue hilo sweta, jua lote hili nani anavaa sweta, muhula mzima sweta, watu watadhani mtoto anaumwa. Pini akainuka, akatoka nje.

Jumamosi ya sita mwalimu aliingia na bahasha. Siku iliyotangulia watoto walikuwa wameandika jambo moja tu wanalotamani mzazi wao awaulize. Mwoka mikate alifungua yake, akacheka mpaka akafuta machozi, akawasomea wenzake: mwanawe anataka aulizwe kama anapenda mkate. Jicho Futi akafungua yake huku bado anatabasamu.

"Mama aniulize vipimo vyangu," Pini alikuwa ameandika. "Kwenye daftari kila mtu ana ukurasa wake, hata yule mama aliyekuja mara moja tu akapotea. Mimi nimelitafuta jina langu tangu nilipojua kusoma. Gauni la shule linanibana kifuani, ndiyo maana navaa sweta."

Alisoma mara mbili. Halafu akakunja karatasi, akaikunja tena, mpaka haikukunjika zaidi. Mganga hajigangi, alikuwa akilisema hilo kwa utani akishona nguo za watu huku yake imefumuka, na sasa halikumchekesha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumpandisha joto masikioni. Muhula mzima mtoto ametokwa jasho ndani ya sweta kwa sababu ya sifa za mama yake. Mwalimu alipokuja kudai fomu za bweni, Jicho Futi aliomba apewe hadi saa nane, akatoka mbio.

Alimkuta Pini kibandani anapanga nyuzi. Hakumwambia kitu kuhusu barua. Alimwita mlangoni, penye mwanga, akamwomba avue sweta na ageuke. Aliomba, hakuamuru, na Pini alimtazama kidogo kabla ya kutii. Gauni lilikuwa limevutika mgongoni mpaka mshono wa bega ulianza kuachia. Jicho Futi aliona inchi zote mbili alizokosea. Akaacha utepe uning'inie shingoni, akatandaza kiganja.

Shibiri moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaingia karibu yote.

"Hivi ndivyo bibi yako alivyonipima," akasema. "Mimi sijakupima hata mara moja. Nisamehe, mwanangu."

Mama alikuwa na maneno tele mdomoni, ya bweni, ya marafiki wabaya, ya uji wa maji na vitanda vya chuma, akayameza yote. Kiganja akakiacha palepale. Mgongo ule ulikuwa mpana kuliko alivyoujua.

"Sikukimbii, mama," Pini akasema akitazama barabarani. "Nataka nijue kama nitaweza peke yangu. Niliogopa kukwambia kwa sababu utalia."

"Nitalia," mama akasema. "Nitalia sana. Endelea."

Na Pini akaendelea. Alisema ya hesabu, ya rafiki aliyemgeuka, ya damu iliyomjia darasani akanyamaza. Mama alipima polepole mno, bega, mkono, kiuno, akirudia sehemu alizokwisha kupima, na mteja aliyefika wakati huo alionyeshwa benchi kwa kidole.

Walipomaliza, Jicho Futi alifungua daftari jekundu, akaandika juu jina halisi la binti yake, si lile la utani, na chini yake vipimo vyote. Kisha akatoa fomu chini ya kopo la vifungo. Alitia sahihi huku machozi yakimdondoka, na tone moja likaangukia wino. Hakulificha. Alikwisha kusema kwamba atalia.

Pini alikuwa bado ameinamia daftari, anasoma ukurasa wake kwa kidole. Mama akachukua kalamu apige mstari chini ya vipimo, kama anavyofanya kwa kila mteja aliyemalizana naye.

Pini akamshika mkono. "Usipige mstari," akasema. "Acha nafasi hapo chini. Likizo utanipima tena."