Farasi Kwenye Nafasi ya Mgeni

Siku mama yake Taalai alipokuja kumvisha Kanyshai, mchumba wa mwanawe, hereni za uchumba, nafasi ya heshima ndani ya hema la Zuura, mama yake Kanyshai, ilikuwa imeshachukuliwa. Alikuwa amesimama hapo farasi jike mweupe, kitambaa cha maua kichwani, pua imepakwa mafuta ya kondoo.

Hakukuwa na namna. Malisho ya juu hayana hata mti mmoja wa kivuli, na farasi alikuwa amekula ua la njano siku tatu mfululizo. Binadamu hulinywa kama chai, wala halimdhuru. Mnyama mweupe akilila, kisha jua likampiga, ngozi humbabuka. Kila mtoto wa mlimani analijua hilo. Kanyshai naye alilijua, ila tangu achumbiwe akili yake ilikuwa likizo.

Zuura akatandika zulia nje, juani, akapanga maandazi na malai ya maziwa, akajifanya ndivyo wageni wanavyopokelewa. Moyoni alikuwa anaungua. Mgeni huyu akiondoka na hereni zake, binti atachekwa mabonde yote matatu.

Burulkan, mama yake Taalai, alishuka garini, akasalimu, akalipita zulia, akafunua pazia la mlango. Farasi akamtazama.

"Mkwe," akamwambia Zuura, "huyu ni nani wako?"

"Mgonjwa."

"Naona. Amekula maua. Nani kamfunga kwenye maua?"

"Mimi, mama," Kanyshai akajibu, uso chini. "Kule kilimani ndiko simu inakoshika. Nimekwenda siku tatu."

"Siku tatu! Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Taalai."

"Muongo we! Mwanangu haongei. Mimi akinipigia ni 'mzima, mama? Haya.' Basi, kakata."

Zuura alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwanza farasi, sasa na uongo.

"Nipeleke huko," Burulkan akasema. "Nimsikie huyo msemaji."

Wakapanda wote watatu, hadi maua yakawafika magotini. Burulkan akampokonya Kanyshai simu, akampigia Taalai, akaifungulia sauti. Iliita mara moja tu.

"Roho yangu," Taalai akasema huko mjini, kwa sauti ya upole, "umekula?"

 Matusi yote aliyopanda nayo Burulkan mlimani hayakutoka. Zuura akamwonea huruma, maana mwanamke huyu alikuwa amemlisha kijana huyo kwa mikono yake miaka ishirini na sita.

"Bado," Burulkan akasema taratibu. "Bado sijala, mwanangu."



"Mama?"

"Ndiyo. Kazi njema."

Akakata simu. Akalia kidogo, bila kujificha, kisha akatoa kijitambaa mfukoni na kukifungua.

"Haya, lete sikio," akamwambia Kanyshai.

Hereni ya kwanza aliivisha vizuri. Ya pili hakuliona tundu la sikio kwa machozi, ikabidi Zuura amwongoze mkono.