Sahihi Mbili Kitandani pa Fundi Saa

Naanza kwa jina la Mola asiyesinzia wala kuelemewa, na rehema zimshukie Mtume aliyeshona viatu vyake kwa mkono wake. Baada ya hayo, niwapange watu kwa daraja zao za haki, si za vyeo.

Wa kwanza ni Fundi Saa, aliyepooza kuanzia kiunoni, akiishi na wenzake kumi na watano katika nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu. Asipogeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, nyama yake huoza angali hai. Wa pili ni mhudumu aliyebandikwa jina la Nguzo, kwani mtu akishaitwa nguzo hapana aonaye haya kumwongezea paa. Wa tatu ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshika naye zamu ya asubuhi, wao wawili tu. Wa mwisho, na hata umwisho huo kaupata kwa upendeleo, ni Mkurugenzi, bwana wa manukato, ambaye mkono wake haukupata kugusa shuka lililolowa.

Sheria ya nyumba ilikataza mtu mmoja kumgeuza mgonjwa peke yake. Penye kila kitanda palining'inia karatasi, na kila mgeuzo ulidai sahihi mbili. Lakini wawili wakifuatana kitanda kwa kitanda, wa kumi na sita angeogeshwa adhuhuri. Basi waligawana: Nguzo vyumba vya kushoto, wifi vya kulia, kila mmoja akinyanyua peke yake, na zamu ikiisha, huyu humtilia yule sahihi. Hawakuiba kitu. Waliusitiri upungufu wa mkubwa wao kwa migongo yao, na hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Mwezi wa tano wa mtindo huo, Nguzo alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu, na Fundi Saa ametoka kidonda nyongani.

Mkurugenzi akasikia kwamba wahudumu wanachoka. Alifanya nini? Alimleta mkufunzi wa utulivu, mwenye zulia na kengele ndogo, akagawa fulana zilizoandikwa "Jipende Kwanza." Watu waliosimama tangu alfajiri wakaamrishwa kufumba macho na kuvuta pumzi.

"Nguzo, mbona huvuti?" akauliza Mkurugenzi.

"Navuta, bosi. Nisingevuta mngekuwa mmeshanizika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkufunzi akagonga kengele yake.

"Fulana nimeiona, ahsante," Nguzo akaendelea. "Mimi nataka mtu wa tatu asubuhi. Fundi Saa ana kidonda, na mgongo wangu umekwisha."

Mkurugenzi akaagiza karatasi za Fundi Saa, akazipekua kwa ncha za vidole. "Sahihi mbili. Sahihi mbili. Hata hapa, mbili! Mko wawili na mnatosha. Uchovu huo, mama, uko kichwani."

Wifi akamfinya. "Wifi, meza maneno. Wote wawili tutafukuzwa."

Angenyamaza, ajira yake ingebaki lakini kidonda kingefika mfupani. Nguzo akainuka, mkono kiunoni.

"Ya pili ni ya uongo. Namgeuza peke yangu, na sahihi zote nazitia mimi."

"Umeghushi?"

"Nimeghushi. Miezi mitano nakusaidia kusema uongo, hata ahsante sijapata."

"Kesho usije," akasema Mkurugenzi, uso ukimnawiri. Mvivu hufurahi sana apatapo kosa la mchapakazi.

Wifi alinusurika kwa ulimi wa mwenzake aliyejitwika sahihi zote, na aibu ikamfunza. Tangu kesho yake alitia sahihi moja tu, nafasi ya pili akaiacha wazi, kitanda kwa kitanda. Aliyeletwa kuziba pengo naye akafuata.

Ijumaa dada yake Fundi Saa alikuja kumtazama.

"Dada, hebu soma hiyo karatasi," Fundi Saa akamwambia.

Alisoma, akaona sahihi moja moja penye sharti la mbili, akawaita jamaa za wengine nao wasome. Mchana walikuwa wamejaa mlangoni pa ofisi.

"Tumeandaa semina nyingine," Mkurugenzi akajitetea.

"Semina itamgeuza kaka yangu? Basi ilete hapa, ikunje mikono ya shati!"

Wiki iliyofuata waliajiriwa wahudumu wawili wa asubuhi. Nguzo hakuitwa, kwani Mkurugenzi angeweza kusamehe uongo, si ukweli uliosemwa mbele ya mgeni wake wa kengele. Yupo kwake, amelala kifudifudi juu ya mkeka, na wifi humkanda mgongo akimweleza kwamba kidonda kimeanza kufumba.

Ewe Mola, waliobaki juu ya vitanda vile wape mikono miwili miwili, na waliobaki kando yavyo wape mapumziko kabla ya sifa. Amin.