Mchumba wa Verla Tostenson

Verla Tostenson alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake alipomwona mchumba wake amesimama barazani. Alimtambua mara moja. Koti la bluu lilikuwa lile lile la kwenye picha, na meno yale yale. Kuanzia kiunoni kushuka alikuwa ukungu mtupu, maana picha zote alizomtumia ziliishia kiunoni, na theluji aliyoikanyaga ilibaki nzima.

"Mpenzi wangu, nimekuja," alisema Kapteni Grant Mabry.

Verla alijua fika kwamba Grant hajawahi kuwepo duniani. Polisi wa wilaya walishamwambia kuwa ameundwa na matapeli wa mtandaoni, ng'ambo huko, ili ammalize mjane. Na alimmaliza kweli. Verla aliweka rehani shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, akailisha noti ile mashine ya kutumia watu sarafu za mtandaoni iliyoko kituo cha mafuta, kando ya friji ya chambo cha samaki. Grant alipomwambia kuwa marafiki zake watapitisha pesa kwenye akaunti ya Verla, naye Verla azipeleke kwenye mashine hiyo hiyo, alizipeleka. Sasa benki ilingoja theluji iyeyuke ilipige shamba mnada.

Alimchukia mno. Lakini huku Minnesota humwachi mtu nje kwenye baridi ya namna ile, hata kama ndiye aliyekuibia.

"Karibu kahawa," alisema, kwa sauti ya kumfukuza mbwa.

"Asante, nitakunywa," Grant akajibu, akaingia.

Alijidai mzaliwa wa Duluth, mji wa huku huku, mwongo mkubwa. Mtu wa huku akikaribishwa hukataa, akikaribishwa tena hukataa tena, na mara ya tatu ndipo anapokubali nusu kikombe, tena kwa kuomba radhi. Verla alimmiminia huku akimtukana moyoni.

Jioni alikuja wifi yake Ardis, dada wa marehemu, na bakuli la viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga. Alimkuta Grant mezani, ameketi juu ya ukungu wake.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Yaani shamba la kaka yangu limeliwa na nusu mtu!"

"Wifi, leo niache."

"Nikuache nini? Mtu mzima na mvi zako, unabembelezwa na simu! Haya, mpakulie basi. Si mgeni wako?"

Grant alikula sahani mbili.

Wiki hiyo hiyo alifika Prusik, mpelelezi wa serikali kuu, kutoka Minneapolis. Alikaribishwa kahawa akakataa, akakaribishwa tena akakataa, mara ya tatu akapokea nusu kikombe. Verla akamwamini. Prusik alimhoji Grant kwa muda mrefu, lakini Grant hakuwa na maneno mengine zaidi ya yale aliyomwandikia Verla.

"Pesa ziko wapi?"

"Niamini, mpenzi. Kila kitu kitakuwa sawa."

Prusik akafunga kalamu. "Mama, pesa zako tunaziona. Zimelala mtandaoni, naziona kama ninavyoona kikombe hiki."

"Sasa si mzichukue!"

"Mamlaka hatuna. Sheria iliandikwa kwa ajili ya benki. Kuna muswada Washington wa kutuongezea nguvu. Ukipita, tutazifuata popote zilipo. Ila maseneta wanataka kumsikia mtu aliyeumizwa."

"Na shamba langu?"

"Tutaliwahi, mama."

Verla akapanda ndege na Grant wake. Mbele ya kamati ya Seneti alieleza yote bila kujificha, ya mashine, ya rehani, hata ya zile pesa za marafiki zilizopita kwenye akaunti yake. Maseneta walisikitika sana. Baadaye walijipanga kupiga picha na Grant, na kwa kuwa walipigwa kuanzia kiunoni kupanda, alitokea vizuri kuliko wote. Mawakili wa kampuni za sarafu hawakutaka picha. Walipanda ghorofani, kwenye ofisi za maseneta hao hao, wakafunga milango.

Muswada ulipita kwa makofi. Vifungu vya wenye mashine vilikuwa vimefutwa, na vya matapeli wa ng'ambo vimepelekwa kufanyiwa utafiti. Kilichobaki ni nguvu mpya ya kumkamata na kumfilisi yeyote aliyepitisha pesa hizo, ilimradi anajulikana anakoishi.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka Prusik alipogonga mlango, safari hii na wenzake wawili. Verla alifungua mbio, aproni ingali kiunoni.

"Mmezipata?"

Walifuta viatu.

"Karibuni kahawa," alisema Verla.

"Asante, tutakunywa," alisema Prusik, akavuta kiti.

Verla alisimama na birika mkononi. Alikuwa ameshaelewa.

"Mama, akaunti yako ilipitisha pesa za wizi."

"Nilidanganywa! Nilikueleza mwenyewe, hapa hapa."

"Ulieleza, mama. Na mbele ya Seneti pia, imerekodiwa. Shamba tunalizuia leo, kabla benki haijaliuza."

"Si ulisema mtaliwahi?"

"Ndiyo tumeliwahi."

"Na waliokula pesa?"

Prusik akatazama dirishani. "Hao bado tunawaona."

"Niamini, mpenzi," alisema Grant. "Kila kitu kitakuwa sawa."

Verla alimmiminia Prusik, akawamiminia wenzake, wakanywa, wakaomba tena, akawaongezea. Kisha akamgeukia Grant, ambaye msimu mzima wa baridi alikuwa amekaa naye.

"Kahawa?"

"Hapana, usijisumbue," alisema Grant, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Kunywa kidogo."

"Hapana, kweli, nashukuru."

Verla alimkaribisha mara ya tatu, akainamisha birika. Halikuwa na kitu.