Sauti Iliyoingia Chumbani

Hakuna mtu Karatu anayenishinda kujivuna, na siku ile nilikuwa na haki. Binti yangu Sinyati alikuwa anahitimu udaktari wa mifugo kule Morogoro, tena wenzake walikuwa wamemchagua azungumze kwa niaba yao, na mahafali yalirushwa moja kwa moja mtandaoni. Nikawaita watu sebuleni kwangu. Zaidi ya wote nilimwita shemeji yangu Moringe, akapanda kutoka kijijini kwetu Olbalbal. Huyu ndiye aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi, mjane wa kaka yake, nimetupa ng'ombe kwa kumsomesha msichana. Nilitaka ashuhudie.

Kompyuta ikawaka, picha ikaja safi, majoho na kofia zimejaa ukumbi. Sauti hakuna.

Jirani yangu Penina akachungulia nyuma ya meza, akasema nyaya ziko sawa. Mumewe Bartolomeo akazipiga spika makofi mawili matatu kama anayekung'uta gunia. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, kitufe cha sauti kimezungushwa hadi mwisho. Tukachomoa, tukachomeka. Kimya.

"Shemeji," Moringe akasema, amenyoosha miguu, "labda huyo mtoto hana la kusema."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mtaalamu alikuwepo, tena hapo hapo uani, anachoma nyama. Ni mkwe wangu Saruni, mume wa binti yangu mkubwa, anayetunza kompyuta za hoteli moja ya watalii. Lakini kwetu Wamaasai mkwe haketi chumba kimoja na mama wa mke wake. Akiingia, mama hujitenga ndani, wakaongea kila mtu upande wake. Ili sauti ije, ilibidi mimi mwenye shughuli niondoke.

"Mama Sinyati, si leo tu?" akasema Penina, ambaye ni Mwiraqw, si Mmaasai. "Kaa, mtoto wako anaongea."

Sikukaa. Heshima niliyolelewa nayo siiweki pembeni kwa ajili ya spika. Nikaingia chumbani, nikashusha pazia la mlangoni, nikakaa kitandani nimenuna.

"Shikamoo, mama," Saruni akasema kutoka sebuleni.

"Marahaba. Fanya haraka, anakaribia kupanda jukwaani."

Nikasikia kipanya kikibofya, kikabofya tena. "Mama, hizi spika ni nzima. Sauti inatoka, ila kompyuta inaipeleka kwingine. Huko ndani hakuna spika ndogo isiyo na waya?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna kitu kinanong'ona karibu yangu, chini ya shuka zilizokunjwa. Nikafunua. Ni ile spika ninayosikilizia kwaya nikiwa nimejilaza. Ilikuwa imejiunga na kompyuta yenyewe, bila kumuuliza mtu. Nikaiongeza sauti. Mtu alikuwa anamkaribisha binti yangu jukwaani.

"Ninaihamishia huku sasa hivi, mama."

"Usiguse," nikasema.

"Mama?"

"Iache hivyo hivyo. Ninyi tazameni. Nitawaambia mimi anachosema."

Sikuwa tayari kukosa hata neno moja, na kusema kweli nilitaka Moringe alipokee kila neno kutoka kinywani mwangu. Nikaipakata spika, nikapaza sauti. Nikawaambia anasema amekua akitembea na ng'ombe Olbalbal kutafuta maji. Anasema aliona ndama wakifa, watu wakiita bahati mbaya, naye akataka kujua ni ugonjwa gani. Anasema mama yake alisemwa sana na hakurudi nyuma.

"Hilo la mama umeliongeza mwenyewe," Moringe akasema, watu wakacheka.

Nilitamani kupasua lile pazia.

Kisha Sinyati akaacha Kiswahili, akaongea Kimaa, mbele ya ukumbi mzima. Nikasikiliza. Nikarudia polepole, kwa Kiswahili ili Penina na mumewe nao waelewe.

"Anasema mama amemwambia kuwa baba yake mdogo Moringe yuko hapa, anamtazama. Anasema kwetu mtoto huwasalimu wazee kwa kuinamisha kichwa, mzee akauweka mkono juu yake. Anasema yuko mbali, lakini anakiinamisha kwake."

Spika ikanyamaza. Nilikaa pale na sauti yote ya binti yangu mapajani, na sikuweza kuona chochote.

"Saruni, kuna nini huko?"

"Ameinama, mama. Ameinama kweli. Na baba mdogo amesimama. Ameweka mkono kwenye kioo cha kompyuta, juu ya kichwa cha Sinyati."

"Mwambie asiutoe upesi," nikasema.