Siku Ambayo Dolina Hakuijua

Kwetu kisiwani Lewis kanisa hujaa, lakini wanaosogea kwenye Meza ya Bwana ni wachache. Mke wangu Dolina alikaa nami kwenye benchi mpaka akaota mvi, akingoja siku ya kuguswa moyo na Mungu, maana bila hiyo huiendei Meza. Walioguswa huitaja siku yao, hata na hali ya hewa.

Kisha akaguswa mdogo wake, Peigi, Ijumaa moja akikamua ng'ombe. Wazee wa kanisa wakamsikiliza, wakampa kibati, kile kipande kidogo cha ruhusa ya Meza.

"Kibati!" Dolina alifoka, akimenya kiazi hadi kikabaki kama njugu. "Juzi tu alikuwa anacheza dansi harusini! Mimi mfano wa mbegu wa kwenye Injili naujua tangu utotoni, nimeambulia nini?"

"Mpongeze tu, Dolina."

"Mpongeze wewe."

Peigi alipokuja, hakukaribishwa kiti. Akavuta mwenyewe.

"Dada, umeninunia."

"Nani kakununia? Watakatifu hawanuniwi."

"Ungeonea wivu ng'ombe wangu ningekuelewa, maana wako ni mifupa mitupu. Lakini unaonea wivu Meza. Aliyeshiba hutolea macho sahani ya mwenzake?"

Kisu cha Dolina kikasimama juu ya kiazi.

"Hiyo njaa ilikuanza lini?" Peigi akauliza.

"Sijui. Sikumbuki kama nimewahi kukaa bila hiyo njaa."

"Basi kawaambie wazee hivyohivyo."

Dolina alikwenda kwa wazee Jumamosi. Mzee Aonghas alipomwuliza siku yake, akajibu kwamba hana. Akasema hata mkulima wa kwenye mfano alikuwa akilala na kuamka, na mbegu ikaota asijue ilivyoota. Kisha Aonghas akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibati.

Kesho yake Dolina alikaa mbele ya kitambaa cheupe cha Meza, ubavuni mwa Peigi. Tuliporudi nyumbani akavua kofia, akaniambia, "Yeye mkate umemfikia kwanza." Hakuwa anatania sana.

Dolina tulimzika Februari. Leo Meza imetandikwa tena. Peigi amekaa, na kando yake ameacha nafasi ya mtu mmoja. Mimi niko kwenye benchi letu, namwonea wivu kwa kukaa karibu na nafasi ile. Nikiitazama, roho inaniuma. Sijui imeanza kuniuma lini.