Mwombaji wa Makapi

Katika mtaa ule wa pembeni mwa Butembo, wakati wa vita vya pili vya Kongo, watoto walikuwa wameacha kucheka. Waliharisha, wakakohoa, wakanyamaza. Asubuhi, ukungu ukipanda kutoka bondeni, ungeweza kupita mtaa mzima usisikie sauti ya mtoto, isipokuwa mmoja tu. Joyeuse, binti wa Kyakimwa, alicheka peke yake nyuma ya ua wa matete, kicheko cha mtoto aliyeshiba, na wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji wakaharakisha hatua.

Kavira alikisikia kicheko hicho huku amempakata Jemima wake, aliyebaki macho na mbavu. Walikuwa wamekimbia kijiji chao cha Vuhovi bunduki zilipoanza kulia, wakapewa chumba na dada wa mumewe. Mume mwenyewe, Mathe, alikwenda Beni kutafuta riziki na barabara ikafungwa nyuma yake. Kavira alimwomba Mungu jambo moja tu, Jemima asife.

Wala hakuwa mzembe. Unga wa ulezi aliuchekecha, akaupitisha tena kwenye kitambaa chepesi mpaka ukawa laini kama wa watu wenye nazo. Makapi ni chakula cha nguruwe, na mkimbizi akionekana anayala, mtaa mzima utamcheka. Heshima, bwana! Ndiyo peke yake waliyoweza kuitoa Vuhovi. Basi makapi akayamwaga nyuma ya nyumba.

Ndipo Kyakimwa akaanza kuja. Hakupiga hodi. Kavira aliinua macho tu, na mwanamke yule mrefu alikuwa amesimama ndani ya ukungu, kikapu mkononi.

"Mama Jemima, ile makapi unipatie. Ni ya nguruwe."

Kavira akampa bila kufikiri, na asubuhi zilizofuata akampa tena. Kisha kitu kikaanza kumkwaruza moyoni. Nguruwe gani? Askari walikwisha kula nguruwe wote wa mtaa. Akaenda kusimama kando ya ua wa matete, akatega sikio. Hapakuwa na mkoromo wala harufu ya zizi. Lilisikika jiwe likisaga taratibu, na Joyeuse akicheka.

Nywele zikamsimama. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba mchawi akipata mabaki ya chakula chako, amekupata wewe mwenyewe. Kumbe alikuwa akimtoa mwanawe kwa mkono wake, kikapu kwa kikapu!

Toka hapo makapi akayachoma moto. Jumapili, baada ya ibada, akawainamia akina mama wa maombi na kunong'ona, "Kyakimwa anabebaka makapi ya chakula ya mutoto wangu. Na nguruwe hana."

"Na ni mutoto wake tu hagonjwake," akasema mmoja. "Donc, basi, ni yeye."

Makapi yakaungua, na Jemima akazidi kuzorota. Asubuhi moja Kyakimwa akatokea tena ukunguni na kikapu kitupu. Akatazama jivu lililokuwa bado linafuka, akapiga magoti palepale.

"Mama Jemima, hapana kuunguza tena. Nilikudanganya. Nguruwe sina, ni sisi tunakulaka. Nilisikia haya kusema." Akafuta uso kwa kitenge. "Unga sina. Ile makapi ninaisaga tena, ninapika uji. Na uone Joyeuse, tumbo haijamusumbua hata siku moja. Nyanya yangu alisemaga makapi ndiyo inalinda tumbo ya mutu, na tumbo ikiwa na nguvu, magonjwa inapita pembeni. Mupatie Jemima, mama. Hapana kuchekecha."

Akainuka, ukungu ukamfunika. Aibu ikampanda Kavira mpaka masikioni. Halafu akakumbuka jina alilolitaja kanisani. Akamwachia wifi yake mtoto, akakimbia roho mkononi hadi kwa yule mama wa maombi.

"Nilikosea! Kyakimwa hana kitu. Muache ile maneno."

"Mais, mama, lakini ile maneno ilishaenda." Yule mama hakumtazama usoni. "Bale bavijana ba bunduki, benye kuwindaka bachawi, banaijua tangu jana."

Kavira akarudi mbio, haoni hata miguu yake mwenyewe. Mlango wa Kyakimwa ulikuwa wazi. Hakukuwa na kitu kilichovunjika wala kumwagika. Sufuria ilikuwa mekoni, uji mweusi ukitokota polepole, na mwiko umesimama ndani yake. Joyeuse alikuwa amekaa mkekani, mikono juu ya magoti.

"Mama yako iko wapi?"

"Bavijana bamemupeleka." Mtoto hakulia. "Amesema wewe utakuja."

Kavira akachuchumaa mbele yake. "Amesema nini tena?"

"Amesema uji ni ya Jemima. Ni makapi ya mwisho, nisiikule yote."

Kavira akaipua sufuria, akambeba mtoto mgongoni, akaenda nao nyumbani. Jemima akanywa uji ule siku hiyo, na siku zilizofuata akanywa mwingine wa unga usiochekechwa. Taratibu tumbo likatulia, mashavu yakarudi. Kyakimwa hakurudi.

Siku hizi Joyeuse anamwita Kavira mama. Mara nyingine, wakila, humuuliza ni nani aliyewaambia vijana wale jina la mama yake. Kavira humwongezea uji, na kumjibu kwamba hajui.