Mbwa Asiyeokota

Mbwa Kijiko alifia sakafuni saluni, katikati ya nywele zilizokatwa, wateja wakiwa wamenyanyua miguu juu ya viti kwa woga. Mwenye saluni alikuwa amepiga magoti pembeni yake. Mtaa mzima ulimwita Kitana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kitana kuchomekwa kwenye nywele zake.

Asubuhi ile mbwa alitoka matembezini akiwa mzima wa afya. Walipopita kwenye maua ya jirani, alichovya pua majanini na kumeza kitu kabla kamba haijamvuta. Hilo halikuwa jambo geni. Hata jina alilipata kwa tabia hiyo: mfupa, ganda, karatasi yenye mafuta, kila kilichoanguka barabarani yeye alikichota. Kitana alimkemea, akasahau, akafungua saluni. Mteja wa kwanza hajamaliza hata kuoshwa kichwa, mbwa akaanza kutetemeka, mate yakamchuruzika, akaanguka ubavu na miguu ikakakamaa.

Daktari wa mifugo alifika mbio, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Alifunua mdomo wa mbwa na kutoa kwenye meno mabaki ya nyama ya kusaga yenye chembechembe za buluu.

"Hii ni sumu ya konokono," alisema. "Wanaoitumia ni watu wa bustani. Lakini konokono hali nyama, mama. Huyu kategewa."

Mtaani hapo mtu wa bustani alikuwa mmoja. Alikuwa mstaafu wa benki, akaitwa Bwana Maua. Alipanda waridi ndani ya ukuta wake, halafu akapanda nje ya ukuta, kando ya barabara mpaka kwenye kona, na ole wake mbwa atakayeinua mguu hapo. Mara nyingi alikuwa amemfokea Kitana mbele za watu.

Jioni alikuja kutoa pole, mikono nyuma.

"Pole sana, jirani. Nimesikia."

"Asante."

"Ila tuseme ukweli, yule mbwa hakuwa na adabu ya kinywa. Mbwa aliyefundwa haokotiokoti njiani." Kisha pembe ya mdomo wake ikainuka kidogo tu.

Kitana aliiona. Alikuwa ameshika kopo la dawa ya nywele, akaliweka mezani taratibu, maana mkono ulikuwa unataka kulirusha.

"Umesema kweli," alimjibu. "Wa pili nitamfunda."

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi. Afande alimsikiliza kwa heshima zote, akamuuliza kama kuna aliyemwona mtu akitega ile nyama. Hakuna. Basi, mama, pole. Kitana alirudi nyumbani akiwa ameuma meno, na tangu siku hiyo hakuliweka tena jambo lile mdomoni. Alilihifadhi tumboni, likawa linamchemka humo kama sufuria lililofunikwa.

Daktari alimpatia mtoto wa mbwa, dume la rangi ya kahawia lenye masikio makubwa kuliko kichwa. Wateja walipouliza kama ameshampa jina, Kitana alikuwa akijibu, "Bado." Likawa ndilo jina lake.

Mafunzo yalianza na ngumi. Kitana alificha kipande cha biskuti ndani ya ngumi na kusema, "Acha." Bado akalamba vidole, akavitafuna, akalia, akakwaruza kiganja kwa kucha. Ngumi haikufunguka. Mwishowe akachoka, akarudisha pua nyuma, na hapohapo Kitana akasema, "Safi!" na kumpa nyama kutoka mkono wa pili. Hilo daktari alikuwa amelisisitiza sana: alichoambiwa akiache asije akapewa hichohicho. Apewe kitu kitamu zaidi, na kitoke mkononi mwa mwenyewe.

Kutoka kwenye ngumi wakahamia sakafuni, kiatu kikiwa tayari kufunika. Kisha bila kiatu. Kisha vipande vikatawanywa kwenye korido, mbwa akapitishwa katikati yake akiwa na kamba fupi. Akikosea hapigwi, anarudishwa mbali kidogo, wanaanza upya. Halafu wakatoka uani, halafu nyuma ya soko penye mifupa na vichwa vya samaki. Na kila alipokutana na chakula chini, alifundishwa kukaa kitako na kumtazama Kitana usoni.

Binti yake, aliyekuwa akimsaidia kusuka, hakuzoea kumwona mama yake akiwa mvumilivu kiasi hicho. Siku moja alimtazama akirudia jambo lilelile mpaka mgongo ukampinda.

"Mama, hapa unafunda mbwa au unanoa kisu?"

"Vyote viwili. Nisogezee hiyo nyama."

Siku alipoona mbwa ameiva, alimvisha kamba na kumpitisha kwenye waridi. Katikati ya safari Bado alisimama, akanusa, akakaa kitako na kuinua uso. Kitana aliinama. Chini ya majani palikuwa na donge la nyama, dogo kama kokwa la tende, na ndani yake buluu inang'aa. Alimpa mbwa zawadi yake, akaliokota donge kwa mfuko wa plastiki, na alipoinua macho akaona pazia la dirisha la juu likitikisika. Akalipungia mkono.

Aliwapelekea polisi. Wakamwambia donge halina jina la mtu.

Basi akaendelea kupita. Kila lilipotegwa jipya, Bado alikaa, Kitana akaokota na kupunga mkono. Yalihamishwa kona, yakafukiwa kwenye mchanga, yakapakwa mafuta ya kukaanga ili yanukie. Bado alikaa. Kitana alijua kuwa kule juu mtu anaumia roho, na wazo hilo lilimrudishia hamu ya kula.

Kisha mke wa Bwana Maua akaja kuweka dawa nywele zake. Aliitwa Mama Pacha, mcheshi, mteja wa miaka mingi, na Kitana hakuwahi kumhusisha na mumewe. Alimpaka dawa kichwa kizima. Bado alilala chini ya kiti.

"Kwangu siku hizi kuna jini la nyama," Mama Pacha alianza. "Nasaga nyama, naitia kitunguu saumu, naigandisha. Kesho yake imepungua! Namuuliza mzee, ananiambia amechanganyia mbolea. Wewe ulishasikia waridi likila nyama?"

Kitana aliganda. Dawa ile haitaki mchezo. Muda wake ukipita, inaunguza ngozi na kung'oa nywele. Alikitazama kichwa kile cheupe kwa dawa. Akafikiri: acha iungue. Acha yule mzee aamke kila siku akute upara wa mkewe kwenye mto, ajue uchungu wa kuguswa unachokipenda.

"Dada Kitana, imeanza kuwasha."

Kitana alikunja taulo.

"Mwenzangu, inawasha kweli."

Ndipo alipomshika bega, akampeleka kwenye sinki na kumwosha, akamwosha tena, maji mengi. Huyu mama hakuwa na kosa. Alipomaliza kumkausha alimwambia, "Nisindikize kidogo na mbwa."

Walikwenda mpaka kwenye waridi. Bado akakaa. Mama Pacha aliinama, akaliona donge, akalinusa kwa mbali. Harufu ya kitunguu saumu haikumpotea.

"Nyama yangu," alisema. Akatazama zile chembe za buluu. "Ndiyo iliyomuua Kijiko?"

"Ndiyo hiyo."

Mama Pacha aliinuka. "Siku ile nililia. Yeye akaniuliza, mbwa wa watu unamlilia nini?" Alijifunga vizuri kilemba chake. "Jumapili njoo ule kwangu. Njoo na mbwa."

Jumapili mchana Kitana alikuta meza imejaa. Pacha wawili, wanaume wazima waliokuwa wakiishi mbali, walikuwa wamekuja kuwatembelea wazazi wao. Bwana Maua alipomwona Bado akiingia sebuleni alisogeza kiti nyuma, lakini mbele ya watoto hakuweza kumfukuza. Watu walipakuliwa kuku na viazi. Kisha Mama Pacha akaleta sahani ndogo iliyofunikwa na kuiweka mbele ya mumewe.

"Hii ni yako peke yako."

Akafunua. Yalikuwa madonge ya nyama ya kusaga, madogo, yamekaangwa vizuri, yananukia kitunguu saumu.

"Nimeikuta nyama yetu nje kwenye waridi," alisema Mama Pacha. "Nikaona chakula kisipotee. Kula, baba."

Bwana Maua aliyatazama. Akaweka uma chini. "Sina njaa."

"Tangu lini?"

"Tumbo linanisumbua."

Kitana alikuwa akimtazama, na kila tone la jasho lililotoka kwenye paji lile la uso alilinywa kwa macho. Alitamani mchana ule usiishe.

"Kama Baba hali, nipeni mimi," alisema pacha mmoja, akanyoosha mkono na kuchukua donge.

"Usiguse!" Bwana Maua aliruka na kumpiga kijana mkono, donge likabingirika mpaka ukutani alipolala Bado. "Tupa! Ina sumu hiyo!"

Bado alilitazama donge lililoanguka karibu na pua yake, akakaa kitako, akamtazama Kitana.

"Umejuaje?" aliuliza Mama Pacha.

Pacha wa pili akauliza taratibu, "Baba, sumu ya nini?"

Kitana alinyoosha mkono, akachukua donge kwenye sahani na kulikata katikati. Nusu akampa Bado kiganjani. Mbwa akala na kulamba kiganja. Nusu akala mwenyewe, bila haraka.

"Haina sumu," alisema. "Mama Pacha kanunua nyama mpya leo asubuhi. Zenye sumu ninazo mimi kwangu, mfuko mzima. Mmoja wa pacha aje azichukue, awapelekee polisi pamoja na hayo maneno aliyoyasikia hapa."

"Jirani," Bwana Maua alinong'ona, "naomba radhi."

"Sijasikia."

"Naomba radhi!"

"Bado," alisema Kitana, na mbwa akainua masikio. Hakuna aliyecheka.

Mfuko ulichukuliwa kweli, na ni mwanawe mwenyewe aliyeupeleka. Bwana Maua aliitwa kituoni, akakiri, akaamriwa asitege tena sumu barabarani maisha yake yote. Mtaa ulipojua, watu waliacha kumwamkia. Lakini adhabu iliyomfurahisha Kitana zaidi ilikuwa ile aliyosimuliwa na Mama Pacha kwenye kiti cha saluni: mzee hali tena chakula cha mkewe. Anajichemshia mayai. Chai akiwekewa, ananusa kikombe, anasubiri mkewe anywe kwanza.

Mara ya kwanza Kitana alicheka mpaka machozi. Alipojifuta, akaona kwenye kioo kuwa Mama Pacha hacheki.

"Wewe unacheka kwa sababu unarudi kwako," alisema Mama Pacha. "Mimi nalala na mtu anayeniona muuaji."

Haukupita muda akafunga virago na kuhamia kwa mdogo wake.

Bwana Maua alikuja saluni asubuhi moja, shati halikupigwa pasi. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Wewe anakusikiliza," alisema. "Mwambie arudi."

Binti alimtazama mama yake. Kitana alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, na alijichunguza moyoni kama humo mna huruma iliyojificha mahali. Hakuiona.

"Kamwambie mwenyewe," alisema, akaendelea kusuka.